Parameta ya Tatu

Mwezi Oktoba 2006 David Howells, mhandisi wa Red Hat, aliwasilisha kiraka ambacho ukikitazama haraka hakina cha kuhakikiwa. Kinaondoa kitu kimoja kutoka mahali pengi, basi. Katika kiini cha Linux, kila fankisheni ya kushughulikia katizo ilikuwa ikipokea vitu vitatu: namba ya katizo, kielekezi cha kifaa kilichokatiza, na kielekezi cha rejista za prosesa kama zilivyokuwa wakati inakatizwa. Howells alikifuta cha tatu. Na kwa kuwa karibu kila draiva ina fankisheni ya aina hiyo, mkasi wake ulipita katika mamia ya faili. Katika nyingi kati ya hizo, alichogusa ni mstari mmoja au miwili.

Nataka tukisome kiraka hiki jinsi tunavyosoma maandishi mengine. Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na tenzi, tukiuliza kila neno linafanya kazi gani pale lilipo. Msimbo wa kiini nao umeandikwa na watu, unasomwa na watu, unahaririwa miaka nenda miaka rudi, na una maneno yaliyochakaa ambayo hakuna anayethubutu kuyafuta. Shuleni tulifundishwa kutenganisha fani na maudhui. Hapa zoezi hilo linakwama mapema sana, maana jinsi kitu kilivyoandikwa ndiyo sababu ya mashine kusimama au kuanguka.

Kwanza tuelewane kuhusu katizo lenyewe. Kazini wengi wetu husema intarapti tu, nami sina ugomvi na neno hilo, ila "kukatiza" kunaeleza vizuri zaidi kinachotokea. Prosesa inaendelea na shughuli zake, tuseme inacheza wimbo, mara kadi ya mtandao inapokea data. Kadi haiwezi kungoja zamu. Inapeleka ishara, prosesa inaacha ilichokuwa ikifanya katikati ya sentensi, inahifadhi rejista zake, inarukia msimbo wa kumhudumia huyo aliyeita, kisha inarudi na kuendelea kutoka neno lile lile ilipoachia. Wimbo hautakiwi kujua kwamba ulikatizwa. Hayo hutokea mara nyingi kila sekunde, katika seva kubwa na katika simu ya Android uliyoishika, kwa sababu chini ya Android kuna kiini hicho hicho cha Linux. Unapogusa kioo ili utume pesa, kidole chako ni katizo kabla hakijawa kitu kingine chochote.

Msimbo huu unatisha, na hofu yake ina historia. Edsger Dijkstra aliandika tasnifu yake ya mwaka 1959 kuhusu programu ya kushughulikia makatizo katika kompyuta ya X1, huko Amsterdam. Miaka mingi baadaye alisimulia kwamba wabunifu wa mashine hiyo, Bram Loopstra na Carel Scholten, walipomletea wazo la katizo aliingiwa na hofu na kulipinga, mpaka wakamlainisha kwa kumsifu uwezo wake. Alichokiogopa ni makosa yasiyorudiwa. Kabla ya hapo, programu iliyopewa data ile ile ilipita njia ile ile, na kosa lililotokea jana ungeweza kuliita leo likaja. Likishaingia katizo, linaloweza kuangukia kati ya maagizo yoyote mawili, unapata kosa linalotokea saa nane usiku mara moja, kisha halionekani tena kwa wiki kadhaa, na hakuna shahidi.

Ndiyo maana usafi katika sehemu hii ya kiini una uzito ambao hauna kwingine. Msimbo unaoweza kuujaribu hadi uchoke unaweza kuvumilia uchafu kidogo. Huu wa makatizo huwezi kuujaribu ukamaliza hali zote. Njia kuu ya kuuamini ni kuusoma. Kila kisichohitajika ndani yake kinamla msomaji umakini ambao angeutumia kuona hatari.

Turudi kwa parameta ya tatu. Kwa nini ilikuwepo? Kwa sababu wachache waliihitaji kweli. Katizo la saa lilihitaji kujua prosesa ilikuwa wapi ilipokatizwa: ndani ya kiini au ndani ya programu ya mtumiaji, ili muda uandikwe kwa jina la mwenyewe. Mwingine ni yule mtu mwenye mashine iliyoganda anayebonyeza Alt, SysRq na P, akitaka kiini kimwonyeshe rejista zilivyo. Huyu wa pili ndiye mhusika ninayempenda katika kisa hiki. Ili ombi lake lijibiwe, kielekezi cha rejista kilikuwa kinasafiri: kinatoka kwenye mlango wa katizo, kinakabidhiwa draiva ya bandari ya kibodi, inayokikabidhi kwa draiva ya kibodi yenyewe, inayokikabidhi kwa mfumo mdogo wa vifaa vya kuingizia, unaokiweka pembeni, hadi mwisho wa safari anapokichukua mshughulikiaji wa SysRq. Kila mmoja njiani alikibeba bila kukifungua, kama abiria wa basi aliyepewa bahasha ampelekee mtu asiyemfahamu. Na safari hiyo ilirudiwa kwa kila herufi uliyoichapa, hata kama maisha yako yote hujawahi kubonyeza SysRq.

Howells alikifanya kielekezi hicho kigeu kimoja kwa kila prosesa. Mlangoni, katizo linapoingia, kiini kinaandika humo rejista za sasa na kushika zile za awali. Linapotoka, za awali zinarudishwa. Anayezihitaji anaziomba. Asiyezihitaji hajui hata kama zipo. Hili linawezekana kwa sababu makatizo katika prosesa moja hupangana kama masufuria: la mwisho kuingia ndilo la kwanza kutoka, kwa hiyo anayekatizwa akiwa ndani ya katizo jingine atayakuta mambo yake kama alivyoyaacha.

Maelezo aliyoyaambatanisha na kiraka ni nathari kavu, na kwangu huo ndio uzuri wake. Anasema kielekezi kinatumika mahali pachache lakini kinagharimu nafasi ya steki na msimbo wa kukipitisha. Anasema amepima kwenye FRV, aina ya prosesa aliyokuwa akiitunza mwenyewe, na njia ya kutokea kwenye katizo imepata kasi zaidi kwa asilimia 20. Anataja alichokikompaili, alichokiendesha, na anakiri kwamba draiva nyingi hana namna ya kuzijaribu. Sifikirii kama nimewahi kusoma utangulizi wa kitabu ulionyooka namna hiyo kuhusu mipaka ya mwandishi wake. Kuna kejeli ndogo ya historia hapa: mwaka 2018, katika toleo 4.17, msaada wa FRV wenyewe ulifutwa kutoka kwenye Linux, pamoja na wa prosesa nyingine kadhaa zilizokosa watumiaji. Asilimia 20 aliyoipima haina tena mashine ya kukaa. Mabadiliko aliyoyaleta kwa sababu yake yapo kila mahali.

Sasa lawama. Mhariri mkali angesema Howells alitenda kosa tunaloonywa nalo tangu somo la kwanza la programu: alichukua kitu kilichokuwa wazi kwenye saini ya fankisheni akakificha kwenye kigeu cha jumla. Awali, ukisoma saini ungejua kwamba huyu anaweza kutazama rejista. Baada ya kiraka, fankisheni yoyote, popote ilipo, inaweza kuziomba, na ikiziomba nje ya katizo inarudi mikono mitupu. Ndiyo maana msimbo wa SysRq leo unalazimika kuuliza kwanza kama kuna kitu kabla ya kukichapisha. Utegemezi haukuondoka, ulihama kutoka mahali panapoonekana kwenda mahali pa kukumbukwa. Lawama hiyo ni ya haki, na ukurasa wa kiraka hauijibu.

Hata hivyo nadhani Howells alikuwa sahihi, tena kwa sababu kubwa kuliko ile aliyoiandika. Saini iliyobeba rejista ilikuwa inadai jambo: kwamba anayeshughulikia katizo daima yuko juu ya mgongo wa aliyekatizwa, na anaweza kumchungulia. Mwaka 2009, toleo 2.6.30 lilileta uwezo wa kuihamishia kazi ya katizo kwenye uzi wake wenyewe, unaopangiwa zamu na kiini kama nyuzi nyingine. Uzi huo hauko juu ya mgongo wa mtu. Aliyekatizwa alishaendelea na safari yake zamani. Kama parameta ya tatu ingekuwepo bado, uzi ungelazimika kupokea kielekezi kitupu na kila draiva ingebidi ijifunze kutokiamini. Kwa kuiondoa, saini ikaacha kutoa ahadi ambayo siku moja isingetimizwa.

Kiraka hicho hakikuja peke yake. Wiki chache tu kabla, Septemba 2006, toleo 2.6.18 lilikuwa limeleta upangaji upya wa msimbo wa pamoja wa makatizo, kazi ya Thomas Gleixner na Ingo Molnar. Kabla yao kulikuwa na fankisheni moja, __do_IRQ, iliyojaribu kuhudumia kila aina ya katizo kwa masharti yaliyopandana. Ni kama msimulizi anayejaribu kusema kwa sauti za wahusika wote kwa wakati mmoja.

Aina zenyewe zinatofautiana kwa tabia. Yupo mgeni anayepiga hodi mara moja akanyamaza, usipomsikia, ameshakwenda. Na yupo mtoto anayelia hadi apewe anachotaka. Ukirudi kitandani kabla hujamhudumia atakuamsha papo hapo, na tena, na tena. Wa kwanza unamwitikia upesi ili akija mwingine nyuma yake naye asikike. Wa pili unafunga mlango kwanza, unamhudumia, kisha unafungua. Kumhudumia mmoja kwa utaratibu wa mwingine ni ama kupoteza wageni ama kutolala kabisa. Russell King alikuwa ameshazitenganisha aina hizi upande wa ARM, ulimwengu wa vifaa vidogo ambako kila kampuni inaunganisha waya zake inavyotaka. Gleixner na Molnar walilichukua wazo hilo wakalifanya la kiini kizima: kila aina ikapata fankisheni yake fupi, na kila chipu ikaeleza kwa jina jinsi ya kuufunga mlango na jinsi ya kuufungua. Ukisoma msimbo huo leo unakutana na sentensi fupi fupi zenye kiima na kiarifu.

Kuna kipande kimoja katika eneo hilo hilo ambacho ningekiweka kwenye diwani kama ningeruhusiwa. Vifaa kadhaa vinaweza kushiriki laini moja ya katizo, kama wapangaji wa nyumba moja wenye kengele moja getini. Kengele ikilia, kila draiva inatoka kuangalia na inatakiwa kujibu: mgeni ni wangu, au si wangu. Kiini kinahesabu majibu. Yakifika makatizo 100,000 na zaidi ya 99,900 kati yake hayana mwenyewe, kinaifunga laini na kuandika kwenye kumbukumbu kwamba hakuna aliyejali. Ndivyo ujumbe unavyosema, karibu neno kwa neno. Aliyeandika alikuwa na nafasi ya kuweka namba ya kosa isiyo na maana kwa mtu. Akachagua kusema kilichotokea.

Si kila usafishaji katika kiini una heshima hiyo. Neno lenyewe limekuwa mfuko wa kila kitu. Kuna wanaofagia, yaani wanapanga nafasi na mabano, na kufagia si dhambi ila vumbi hurudi. Kuna wanaopalilia. Kuna wachache wanaobomoa ukuta kwa sababu wamegundua hauzuii paa. Wote huandika juu ya viraka vyao kwamba wamesafisha, na mhakiki mvivu atawapa alama sawa.

Mfano wa kupalilia ni kifo cha bendera iliyoitwa IRQF_DISABLED. Zamani kulikuwa na washughulikiaji wa haraka na wa polepole: wa haraka walifanya kazi huku makatizo mengine yamezuiwa katika prosesa yao, wa polepole waliruhusu kukatizwa. Bendera hiyo, ambayo kabla ya 2006 iliitwa SA_INTERRUPT, ndiyo iliyowatambulisha wa haraka. Mwaka 2010 ikaamuliwa kwamba wote watafanya kazi huku makatizo yamezuiwa. Kuanzia hapo bendera haikufanya chochote. Lakini iliendelea kuandikwa. Mtu anayeandika draiva mpya hufungua ya zamani na kuiga, na neno lililokuwepo linahamia faili jipya likiwa na uso wa kujua linachofanya.

Tunayo maneno yanayoishi baada ya maana yake ya awali kusahaulika. Wangapi wanaosema shikamoo wanafikiria kushika miguu? Lakini shikamoo bado inafanya kazi. Jaribu kuiacha mbele ya bibi yako uone. IRQF_DISABLED haikuwa na kazi hata ya heshima. Ubaya wake ulikuwa kumdanganya msomaji kwamba draiva hizi mbili, moja yenye bendera na nyingine isiyo nayo, zinatofautiana, na katika msimbo wa makatizo tofauti ya kubuni inaweza kukupotezea usiku mzima ukiwinda hitilafu mahali isipokuwepo. Ilichukua miaka 5 na mlolongo wa viraka vidogo, draiva baada ya draiva, hadi neno lenyewe lilipofutwa katika toleo 4.1 mwaka 2015. Hakuna programu iliyokwenda kasi zaidi kwa sababu hiyo. Kazi hii ilifanywa kwa ajili ya wasomaji peke yao, na naiona ya kupongezwa kuliko viraka vingi vyenye asilimia.

Mwaka 2020 Gleixner alirudi, pamoja na Peter Zijlstra, Andy Lutomirski na wengine, wakabomoa mlango wa kuingilia kiini kwenye prosesa za x86 na kuujenga upya. Kazi hiyo ilitoka na toleo 5.8. Sehemu kubwa ya kilichokuwa kimeandikwa kwa asembli kikahamia lugha ya C. Ila lililonivutia zaidi ni jingine. Mara tu katizo linapoingia kuna kipindi kifupi mno ambapo kiini hakijajipanga: vyombo vyake vya kufuatilia na kuhesabu bado havijaambiwa kwamba tumeingia. Chombo cha kuchunguza kikigusa msimbo wakati huo, kinaweza kuiangusha mashine iliyoletwa ichunguzwe. Sheria hiyo ilikuwepo tangu zamani, vichwani mwa watu wachache. Sasa fankisheni za kipindi hicho zinapewa alama ya noinstr, zinawekwa katika sehemu yao, na zana iitwayo objtool inakagua wakati wa kujenga kwamba hazitoki nje kuita wasioruhusiwa. Ulichokuwa ukiambiwa na mzee ukibahatika kumpata, sasa unaambiwa na zana, na huwezi kuipuuza.

Sina raha na kila kitu katika ujenzi huo. Milango mipya imefungwa ndani ya makro, na jina moja unaloliona linazaa fankisheni mbili usizoziona. Kijana anayefungua faili lile kwa mara ya kwanza, akitafuta mahali gawanyo kwa sifuri linaposhughulikiwa, atakuta tangazo lisilofanana na C aliyofundishwa chuoni, na itambidi asome faili jingine kabla ya kulisoma hilo. Asembli ya zamani ilikuwa mbaya waziwazi, ikakufukuza mlangoni. Hii ya sasa inakukaribisha ndani halafu inazima taa. Kwa wale wanaoitunza, ni salama zaidi, hilo silibishi. Lakini wanaoitunza ni wachache mno, na miongoni mwa majina yanayojirudia katika faili hizo sioni watu wa huku kwetu, wala sidhani ni kwa kukosa akili au kompyuta. Kitu kigumu kusomwa huchagua wasomaji wake miaka mingi kabla ya wao kukifikia.

Ndiyo maana narudi mara kwa mara kwenye kiraka cha 2006, chenye mistari midogo inayojirudia mamia ya mara, ambacho mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kukisoma wote na kukielewa. Fankisheni ya katizo leo inapokea vitu viwili, namba na kielekezi cha kifaa. Ukipita kwenye draiva utaona kwamba nyingi hazitumii namba, kwa kuwa kielekezi kinawatosha kumjua aliyeita. Mkasi ule ule ungeweza kupita hapa pia. Mimi ningeiacha: kifaa chenye laini nne na mshughulikiaji mmoja hutazama namba kujua ni ipi iliyolia, na haidai chochote kuhusu aliyekatizwa. Kwa wengine wote imekaa tu pale, katika faili baada ya faili, inapokelewa na haiguswi.